Halmashauri inatununulia miche 20,000 ya migomba ya tishu: tuweke masharti gani ili iwe safi kweli?

Mwanaushirika_Kagera

Wakuu salaam, na wakubwa zetu shikamooni.

Ushirika wetu uko Kagera. Halmashauri imetenga fedha za miche 20,000 ya migomba ya maabara (hii ya tishu) igawiwe kwa wanachama. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni miche kama 450 kwa ekari, kwa hiyo tunazungumzia ekari 45 hivi, nyingi zikiwa mashamba yaliyong'olewa kwa sababu ya unyanjano (ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba). Kabla zabuni haijapandishwa kwenye NeST (mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni), kamati yetu imeombwa iandike masharti ya kitaalamu, na tumepewa wiki mbili tu.

Tunaomba msaada kwenye haya:

1. Mche ukiitwa wa tishu, ndiyo kusema hauna ugonjwa?
2. Mzabuni tumdai karatasi gani, na za nani?
3. Siku lori linaposhusha miche tukague nini? Hatuwezi kupima mche mmoja mmoja.
4. Shamba lililokuwa na unyanjano lipandwe baada ya muda gani?

Wanachama wanataka ndizi za kupika za kwetu, na wachache wameulizia FHIA na TARIBAN (aina chotara zilizoboreshwa). Halmashauri inataka miche igawiwe masika, mwezi Machi, kabla mwaka wa fedha haujaisha. Sasa hivi ni Septemba.

---

Maabara_ya_Mimea

Ndugu, nianze na swali la kwanza maana ndilo linalowapotosha wengi, na mikataba mingi huandikwa kana kwamba jibu lake ni ndiyo.

Jibu ni hapana. Njia ya tishu inachukua ncha ndogo ya kichipukizi, inaisafisha kwa dawa na kuikuza kwenye chupa. Kwa njia hiyo unaachana na fukusi, minyoo ya mizizi na kuvu wa udongoni, kwa sababu wadudu na kuvu hao hawafiki kwenye ncha. Bakteria nao wengi hubaki nje, ingawa wa unyanjano anaweza kujificha ndani ya mmea usioonyesha dalili. Lakini virusi husafiri na utomvu. Ukichukua ncha kutoka mgomba wenye virusi, maabara itakutolea migomba elfu moja yenye virusi, yote mizuri kwa macho, yote ya urefu mmoja. Hapo maabara imegeuka kiwanda cha ugonjwa.

Kwa hiyo usafi unaamuliwa kwenye mmea mama, kabla chupa ya kwanza haijajazwa. Mkataba uanzie hapo. Kila mgomba mama uwe umetazamwa shambani hadi umezaa mkungu mmoja mzima bila dalili yoyote, kisha upimwe virusi, na namba ya mmea mama iandikwe kwenye kila kundi la miche linalotokana nao.

Kwa ukanda wenu kipimo kisichoweza kuachwa ni cha kirusi kinachodumaza mgomba na kufungamanisha majani juu, ugonjwa ambao wataalamu huuita BBTD. Unaenezwa na vidukari wa migomba na kwa machipukizi. Uko Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo kwa miaka mingi, na umeshathibitishwa Kigoma. Mgomba uliopata kirusi hiki ungali mdogo hautoi mkungu kabisa. Miche ikiletwa nacho Kagera, mtakuwa mmenunua balaa jipya juu ya lile mlilonalo. Pimeni pia kirusi cha mosaiki ya tango na kirusi cha michirizi ya migomba.

Hicho cha michirizi kina jambo lake. Migomba yenye jenomu ya B (urithi wa mgomba mwitu mmoja; wa mwingine huandikwa A), kama Mzuzu, hubeba vipande vya kirusi hicho ndani ya jenomu yake yenyewe tangu zamani. Kipimo cha kawaida cha PCR (cha vinasaba) kitaviona na kusema "mgonjwa" hata kama hakuna kirusi hai. Ndiyo maana hutumika PCR inayoanza kwa kunasa chembe za kirusi kwa kingamwili. Ubaya ni kwamba msukosuko wa maabara unaweza kuviamsha vipande hivyo vikawa kirusi kamili. Migomba yenu ya kupika ya nyanda za juu ni AAA, FHIA-17 na FHIA-23 ni AAAA, na TARIBAN nazo hazina B. Kwa upande huo mko salama. Akitokea mwanachama wa kutaka Mzuzu, basi miche yake ipimwe tena ikiwa kitaluni, siyo mama peke yake.

Sasa tarehe. Hili la Machi linanitisha kuliko yote.

Kuanzisha ncha kwenye chupa na kuhakikisha haina vimelea ni mwezi 1 hadi 2. Kisha kuzidisha: kila wiki 4 hadi 5 unagawa, na kila kimoja kinatoa kama 3. Mizunguko 6 inakupa 729, mizunguko 7 inakupa 2,187 kwenye karatasi, lakini chupa nyingine huoza njiani. Kuotesha mizizi mwezi 1. Kukomaza kwenye unyevu mwingi wiki 4 hadi 6. Kitalu cha kivuli miezi 2 hadi 3. Jumlisha: ni mwaka na zaidi.

Maabara yenye vichipukizi vilivyokwisha kuzidishwa inaweza kuwapa miche ndani ya miezi 5. Isiyokuwa navyo itafanya moja kati ya haya mawili: itanunua miche kwa mtu mwingine ambaye hamumjui, au itaongeza homoni na mizunguko ili idadi itimie. Mizunguko ikizidi 8 hadi 10 kwa ncha moja, migomba huanza kubadilika: mibete, yenye majani yaliyobanana, yenye mabaka, yenye mikungu ya ajabu. Kanuni nzuri ya kuandika: miche isiyozidi 1,000 kwa ncha moja. Kwa miche 20,000 maabara iwe imeanzisha ncha 20, na kwa sababu ya zinazooza, 30.

Mzabuni aulizwe kwa maandishi: ncha zilianzishwa tarehe gani, ni ngapi, na sasa ziko mzunguko wa ngapi. Akishindwa kujibu hayo matatu, hana miche.

---

Mkaguzi_wa_Vitalu

Naunga mkono aliyotangulia kusema mkuu wa maabara. Niongeze la karatasi.

Mzalishaji awe amesajiliwa na TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu), na kundi hili la miche liwe limekaguliwa na kupewa lebo. Watu huleta cheti cha usajili wa kampuni wakidhani kinatosha. Cheti cha usajili kinasema mtu huyu anaruhusiwa kuzalisha. Hakisemi lolote kuhusu miche iliyo kwenye lori. Mnachotaka ni ripoti ya ukaguzi yenye namba ya kundi, jina la aina, idadi na tarehe, na namba hiyo isomeke sawasawa na ile iliyoko kwenye lebo za trei au viriba.

Miche ikitoka nje ya nchi, hata kama ni Uganda hapo jirani, kiwepo kibali cha kuingiza mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kilichotolewa kabla ya kusafirisha, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Kibali hakifuatiliwi baada ya lori kufika mpakani. Na muandike wazi kwamba hairuhusiwi kuchanganya machipukizi ya shambani kujazia upungufu. Hilo hutokea sana idadi inapopungua: miche 17,000 ya maabara na 3,000 iliyochimbwa kwenye shamba la mtu, yote ndani ya viriba vilevile.

Kuitofautisha ni rahisi. Gonga kiriba, mche utoke na udongo wake. Wa maabara una shina jembamba linaloanzia kwenye kitako kidogo cha mviringo, na mizizi myeupe imetoka pande zote. Wa kuchimbwa una kovu pana upande mmoja, pale ulipotenganishwa na mama yake, na kitako kinene kuliko umri wa majani.

Kuhusu idadi ya kupima siku ya kupokea, kuna hesabu ambayo haitegemei ukubwa wa lori. Ukichukua miche 60 bila kuchagua na yote ikawa safi, una uhakika wa asilimia 95 kwamba ugonjwa, kama upo, haufiki asilimia 5. Ukichukua 300 na yote ikawa safi, haufiki asilimia 1. Kwa kirusi cha BBTD asilimia 5 ni mingi mno: kwenye miche 20,000 ni migomba 1,000 wagonjwa waliosambazwa vijiji vyote. Kwa hiyo 300. Siyo lazima vipimo viwe 300, kwani vipande vya majani ya miche 10 husagwa pamoja, vikawa vipimo 30. Kundi moja likionyesha kirusi, miche yake 10 inapimwa mmoja mmoja, na shehena yote inasubiri.

Upimaji huu ufanyike kitaluni wiki 3 kabla ya kusafirisha, siyo miche ikiwa imeshashushwa uwanjani huku wanachama wamesimama na baiskeli zao. Hakuna kamati inayoweza kukataa shehena katika hali hiyo.

---

ShambaMama

Wadau, naomba niseme jambo tofauti kidogo, na ninalisema kwa sababu nawatakia mema watu wa Kagera.

Naona fedha ya umma inatumika mahali pasipofaa. Kununua miche 20,000 na kuigawa ni kazi ya msimu mmoja. Mwaka wa pili mkulima anayetaka kujazia mapengo anarudi kuomba chipukizi kwa jirani, na unyanjano unarudi nalo. Serikali inatakiwa kulipia sehemu ambayo mkulima na mfanyabiashara hawawezi kuilipia: mimea mama iliyopimwa, nyumba ya neti inayoilinda, na vipimo vya kila mwaka. Mche mmoja mmoja unaweza kuuzwa na kikundi chochote cha kitalu kwa bei ya kawaida. Mmea mama uliopimwa hauna soko, na hakuna atakayeutunza kwa hiari.

Nchi zilizolichukulia jambo hili kwa uzito zimefuata njia hiyo. India, Baraza la Mawaziri lilipitisha Agosti 2024 mpango wa mimea safi wa rupia bilioni 17.66 hivi, na kiini chake ni vituo 9 vya kupima, kusafisha na kutunza mimea mama ya matunda. Vitalu vinachukua kutoka humo. Marekani wana mtandao wa vituo vya mimea safi ulioanzishwa kwa sheria ya kilimo ya 2008, kwa zabibu, machungwa, tufaha na mengine. Katika jimbo la São Paulo nchini Brazil, tangu 2003 miche ya machungwa lazima ikuzwe ndani ya nyumba za neti. Kote huko msaada na sheria vimewekwa juu kabisa ya mto. Huku kwetu twachota chini.

Kwa fedha hizohizo napendekeza hivi. Nunueni miche 1,500 tu mwaka huu, iliyopimwa kwa ukali wote uliotajwa hapo juu. Ipandwe kwenye mashamba mama 5 au 6, kila kata moja, chini ya vikundi vyenye mikataba. Fedha iliyobaki ijenge vitalu vya neti na kulipia vipimo kwa miaka 3. Vikundi vya vijana na wanawake vinaweza kupata mtaji wa kuendeshea kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu). TARI Maruku (kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo) wako hapohapo Bukoba kwa ushauri wa aina na mimea mama. Kutoka shamba mama, vikundi vizidishe miche kijijini kwa njia ya vitako kwenye maranda. Mwaka wa pili mtakuwa na miche mingi kuliko 20,000, na mwaka wa tatu hamtamsubiri mtu.

---

Maabara_ya_Mimea

Nakubaliana na ShambaMama kuhusu kiini, ila miche 1,500 haitaziba ekari 45 na kuna watu wanaolala njaa. Mnaweza kugawa mkataba kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza, mwaka huu wa fedha: kupima mimea mama, miche ya mashamba mama na nyumba za neti. Awamu ya pili, miche ya kugawa, iletwe mvua za vuli za mwaka ujao, Septemba au Oktoba. Malipo yafuate hatua, na asilimia 20 ibaki hadi miezi 4 baada ya kupanda, mibete na iliyobadilika ikishahesabiwa. Ikizidi 3 kwa kila 100, mzabuni afidie. Halmashauri itakuwa imetumia fedha ndani ya mwaka wake bila kuilazimisha migomba ikue kwa kalenda ya hazina.

---

Mwanaushirika_Kagera

Asanteni sana, wakuu. Wazo la awamu mbili tumelipenda na tutalipeleka.

ShambaMama, tufafanulie hiyo njia ya vitako. Je, inasafisha ugonjwa? Maana mtu akisikia "kitalu cha kikundi" atachimba kitako chochote nyumbani kwake. Na hiyo nyumba ya neti, ni neti ya aina gani?

---

ShambaMama

Haisafishi. Liandikeni ukutani kwenye kila kitalu. Njia hii inazidisha ulichonacho: kitako safi kinatoa miche safi, kitako chenye unyanjano au BBTD kinatoa wagonjwa wengi. Ndiyo sababu vitako vitoke shamba mama peke yake, na shamba hilo likikutwa na mgomba mmoja mgonjwa, uzalishaji unasimama mpaka lichunguzwe lote.

Hatua zake. Chagua chipukizi sime, lile lenye majani membamba kama upanga, urefu wa mita 1 hivi. Chimba, osha, menya ngozi yote ya kitako mpaka kiwe cheupe. Ukiona matundu ya fukusi au madoa ya kahawia yaliyoingia ndani, kitupe, usijaribu kukikwangua kikafaa. Kikiwa cheupe kote, kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Wenye kipimajoto wanaweza kutumia maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20. Chini ya hapo minyoo haifi; juu ya hapo kwa dakika hizo unapika kitako.

Kisha vua maganda ya shina moja moja kwa kisu, kila ganda ukiliacha milimita chache juu ya mstari wake wa chini, kwa sababu jicho limekaa hapo. Ukifika kwenye moyo, upasue msalaba ili ufe, macho ya pembeni yapate nguvu. Acha vitako kivulini siku moja vidonda vikauke.

Maranda ya mbao yachemshwe kwa mvuke saa 1 au zaidi na yapoe kabla ya kutumika. Yasitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, yataua macho yote na hamtajua kwa nini. Panga vitako kwenye kisanduku, funika kwa maranda sentimita 2 hadi 3, mwagilia, kisha funika kwa karatasi ya nailoni angavu chini ya kivuli. Maji yazidi unyevu wa sifongo iliyokamuliwa na vitako vitaoza. Hili ndilo kosa linaloua vitalu vingi vya vijijini. Baada ya wiki 3 hadi 4 vichipukizi vinatokeza. Vya kwanza navyo huvunjwa moyo vivyohivyo ili vizae vingine. Kitako kimoja hutoa 20 au zaidi kutegemea aina. Kikiwa na majani 3 kinatengwa, kinapandwa kwenye kiriba, na baada ya wiki 6 kiko tayari kupewa jua kidogo kidogo.

Neti iwe ya matundu 50 kwa inchi, siyo ile nyeusi ya kivuli. Neti ya kivuli inazuia jua. Kidukari anapita kama mlango uko wazi. Milango iwe miwili, ya kwanza ifungwe kabla ya kufungua ya pili, na kati yake kuwe na karai la maji ya dawa ya kukanyagia viatu. Karatasi za njano za kunata zitundikwe ndani: kidukari mmoja akionekana juu yake, tafuteni tundu siku hiyohiyo. Kisha ng'oeni migomba yote iliyo jirani na kitalu. Nyumba ya neti iliyobanana na shamba la migomba mizee haina maana.

---

Mdau_Makueni

Salamu kutoka Kenya. Naongeza kwa ufupi kwa wale wa machungwa wanaosoma uzi huu, maana kanuni ni ileile ila mlango wa ugonjwa ni mwingine.

Kwenye machungwa ugonjwa mkubwa, ule wa kijani unaofanya majani yawe na mabaka yasiyolingana pande mbili za mshipa na matunda yapinde, hauenezwi kwa mbegu. Unaenezwa na vijidudu vya psilidi na kwa vikonyo vya kubebesha. Kwa hiyo mwenye kitalu anaweza kuotesha mashina safi kabisa ya limau, kisha akayaambukiza yote kwa kisu chake akibebesha kikonyo alichokata kwenye mti wa jirani uliozaa vizuri mwaka juzi. Mti unaweza kuwa mgonjwa na bado ukazaa vizuri tawi moja. Usinunue mche kabla mwenye kitalu hajakuonyesha mti mama wa vikonyo na karatasi ya kipimo chake cha mwaka huu. Kwetu vitalu vya matunda hukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Uliza ripoti, usitosheke na kuona ubao umetundikwa mlangoni.

Na msikubali mche uliobebeshwa juu ya shina la mchungwa chachu. Likiingia gonjwa la tristeza, miti ya namna hiyo hukauka ikiwa imesimama. Limau linahimili zaidi.

---

Afisa_Ugani_Ziwa

Nijibu lile swali la nne, halijaguswa.

Unyanjano haukai udongoni milele. Shamba lililong'olewa lote lipumzike bila mgomba miezi 6, lipandwe maharage au mahindi. Sharti ni moja: kila chipukizi linalojiotea ling'olewe mara linapoonekana, kwa sababu kitako kilichobaki ardhini kinahifadhi bakteria. Mkiacha machipukizi 10 yaote, hesabu ya miezi 6 inaanza upya. Palipokuwa na mnyauko wa fuzari ni habari nyingine. Kuvu huyo hukaa udongoni miongo, kwa hiyo kupumzisha shamba hakusaidii. Hapo msirudishe kisukari wala Kainja, rudisheni migomba ya kupika ya nyanda za juu au FHIA-17, zinazohimili aina ya fuzari tuliyonayo. Kuzitofautisha shambani: kata shina. Unyanjano hutoa usaha wa njano ndani ya dakika chache, na tunda ukilipasua lina madoa ya kutu. Fuzari haitoi usaha, ina nyuzi za kahawia nyekundu ndani ya shina.

Jambo ambalo wagawaji huwa hawawaambii wakulima: hakuna aina ya mgomba tunaolima inayohimili unyanjano, si TARIBAN, si FHIA, si ya maabara. Mche wa maabara uliopandwa katikati ya migomba migonjwa utaugua kama mwingine wowote. Tena kwa fukusi na minyoo unaumia zaidi mwanzoni, kwa sababu ni laini na mizizi yake michanga. Usipandwe kujazia mapengo ndani ya shamba la zamani. Upewe shamba lake.

Katika mkataba kati ya ushirika na mwanachama wekeni kwamba anayepokea miche atafanya haya. Ua dume livunjwe mara tu chane la mwisho linapojitokeza, kwa kijiti chenye panda na siyo kwa kisu, kwa kuwa nyuki na wadudu wengine huingiza bakteria kupitia makovu ya ua hilo. Panga na visu vipashwe motoni kati ya mgomba na mgomba, au vichovywe kwenye jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 5. Mchanganyiko huo ubadilishwe kila siku, hauna nguvu ukilala. Shina lililougua likatwe usawa wa ardhi wiki hiyohiyo lilipoonekana, bila kusubiri mkungu ukomae.

Siku ya kupanda mche uwe na urefu wa sentimita 25 hadi 30 na majani 4 hadi 6, na uwe umekaa juani wiki 2 za mwisho kitaluni. Miche iliyotolewa kivulini moja kwa moja huungua majani yote wiki ya kwanza, halafu lawama huwaendea maabara. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na madebe 1 hadi 2 ya samadi iliyooza, na mche ushuke sentimita 5 kuliko ulivyokuwa kwenye kiriba. Matandazo yasiguse shina. Mvua ikikatika katika miezi 3 ya mwanzo, mwagilieni. Chipukizi la kuchimbwa lina akiba kwenye kitako chake, mche wa maabara hauna.

Agizeni na asilimia 10 ya ziada ya kujazia, yaani miche 22,000, na hiyo 2,000 ibaki kitaluni chini ya neti mpaka mwezi wa tatu baada ya kupanda.

---

Mwanaushirika_Kagera

Nimechapa yote. Kamati inakaa Jumamosi. Mkuu Mkaguzi, swali moja la mwisho: hivyo vipimo 30 vya kitaluni nani avilipie, mzabuni au halmashauri?

---

Mkaguzi_wa_Vitalu

Halmashauri, na sampuli zichukuliwe na mtu wake akiwa na mjumbe wa ushirika. Anayeuza asichague majani ya kupimwa, wala asiwe ndiye anayelipa maabara inayopima. Mzabuni alipie pale tu kundi linaporudiwa baada ya kufeli. Na andikeni jina la kipimo, aina za virusi na idadi ya sampuli ndani ya zabuni yenyewe, maana mkiandika tu "miche iwe na afya" hamtakuwa na kifungu cha kuikatalia.